Huzuni ya Mgonjwa wa Figo si Upungufu wa Imani

Katika Sura Aali Imran, pale Kurani Tukufu inaposimulia vita vya Uhud, limo jambo moja ambalo wasomaji wengi hulipita bila kulitazama. Waislamu walikuwa wamepata pigo kubwa. Ndugu zao wapata sabini walikuwa wameuawa, Mtukufu Mtume s.a.w. alikuwa amejeruhiwa usoni, na uvumi ulikuwa umeenea kwamba naye amekwisha kufa. Baada ya huzuni ile, Mwenyezi Mungu anawakumbusha kwamba aliwateremshia utulivu, nao utulivu wenyewe ulikuwa usingizi uliowafunika baadhi yao. Katika saa ile watu walihitaji mambo mengi: dawa ya majeraha, silaha, chakula. Rehema iliyotajwa ni usingizi.

Mahali pengine twafundishwa kwamba usingizi umefanywa uwe pumziko na usiku uwe kama vazi, na kwamba kulala kwa watu ni mojawapo ya ishara za Mola wao. Na katika Ayatul Kursi, ambayo hata watoto wa madrasa waijua kwa moyo, twaambiwa kwamba asiyeshikwa na usingizi wala kusinzia ni Mwenyezi Mungu peke yake. Basi kila kiumbe kina haja ya kulala, na aliyenyimwa usingizi amepungukiwa na riziki sawa na aliyenyimwa chakula. Ajabu ni kwamba mwenye njaa twamhurumia na kumpelekea sahani, lakini asiyelala twamwambia tu, "Pole, zidisha dua," kisha twaondoka kwenda kulala.

Nataka leo nizungumze nawe juu ya watu waliopungukiwa sana na riziki hiyo, nao ni wale ambao figo zao zimeshindwa kazi na ambao huishi kwa kusafishwa damu kwa mashine. Katika miji yetu ya Afrika Mashariki si jambo geni tena kumkuta mtu wa namna hiyo katika safu ya sala, au jirani, au nyumbani mwako. Kisukari na presha, maradhi mawili yaliyoenea mno miongoni mwetu, ndiyo yanayoongoza kwa kuharibu figo.

Figo ni mbili, kila moja kiasi cha ngumi ya mwenyewe, nazo zimewekwa mgongoni, chini kidogo ya mbavu. Kwa siku moja huchuja kiasi cha lita 180 za maji ya damu, zikayarudisha mwilini karibu yote, na kuacha lita moja au mbili tu zitoke kuwa mkojo. Tena hupima chumvi, hushiriki katika kuitawala presha, na hutoa kichocheo kinachouamuru uboho wa mifupa utengeneze damu. Hayo yote tunafanyiwa bila kuomba, na wengi wetu hatujapata hata siku moja kushukuru kwa ajili ya figo zetu.

Mashine hufanya sehemu tu ya kazi hiyo. Mgonjwa huchomwa sindano mbili nene katika mshipa wa mkono uliotengenezwa kwa upasuaji, au huunganishwa kwa mpira uliopitishwa shingoni au kifuani. Damu yake hutoka, hupita katika chujio, kisha hurudi mwilini. Desturi ya madaktari ni mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara, ingawa wako wengi katika nchi zetu ambao kwa sababu ya gharama hufanyiwa mara mbili tu. Hebu hesabu mwenyewe. Wiki ina saa 168. Figo nzima hufanya kazi saa zote hizo. Mashine hufanya saa 12. Katika saa 156 zinazobaki, maji, chumvi na sumu hujikusanya mwilini, na mgonjwa hupimiwa hata maji ya kunywa. Kiu yake huwa mtihani wa kila siku, si wa mwezi wa Ramadhani peke yake.

Basi mtu huyu hulala vipi? Uchunguzi mmoja mkubwa uliotangazwa mwaka 2008 uliwauliza wagonjwa 11,351 wa namna hii katika nchi saba. Karibu nusu yao, yaani asilimia 49, walionekana hawalali vizuri. Tena iligunduliwa kwamba waliolala vibaya walikufa kwa wingi zaidi kuliko wenzao. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba kukosa usingizi ni lalamiko dogo la mtu aliyedekezwa.

Sababu zake ni nyingi, na nitazieleza kwa kirefu kidogo kwa kuwa nyingi zina tiba, na mgonjwa hapati tiba ya jambo ambalo hajalisema. Iko hali ya miguu kukosa utulivu: mtu akijinyosha tu kitandani, miguu huanza kumtambaa kwa ndani kama yenye siafu, naye hapati nafuu mpaka ainuke na kutembea. Mara nyingi upungufu wa madini ya chuma mwilini huizidisha, na upungufu huo hupimika. Uko mwasho wa ngozi usio na upele, unaozidi usiku. Uko mkazo wa misuli. Kuna maji yaliyozidi, ambayo mtu akilala chali humbana pumzi, akalazimika kuegemea mito mitatu. Na kuna maradhi ya kukatika pumzi usingizini: mtu hukoroma kwa nguvu, kisha hunyamaza kabisa kwa muda, kisha hushtuka akihema. Mwenyewe hajui, mkewe ndiye ajuaye. Madaktari wa Toronto, huko Kanada, waliwachunguza wagonjwa 14 na kutangaza habari zao mwaka 2001. Walipokuwa wakisafishwa damu mchana kwa kawaida, pumzi zao zilikatika au kupungua kiasi cha mara 25 kwa saa. Walipohamishiwa kwenye kusafishwa usiku kucha, mara sita au saba kwa wiki, zikashuka hadi mara 8. Kumbe ukosefu ule wa usingizi ulikuwa ndani ya damu yenyewe!

Ongeza juu ya hayo kwamba wengine huamka saa tisa au saa kumi za usiku kuwahi zamu ya alfajiri, na wengi husinzia kitini saa zile nne za mchana, hata usiku ukifika usingizi umekwisha kutumika. Sijataja bado mawazo: nauli, bima, ada za watoto, kazi iliyopotea kwa sababu hakuna mwajiri apendaye mtu asiyekuwapo siku tatu kwa wiki.

Hapa ndipo huzuni inapoingia. Nami sisemi huzuni ya kawaida, ambayo huja na kuondoka kama wingu. Nasema ile ambayo siku hizi madaktari wetu huiita sonona, na wengine unyogovu: moyo unapokuwa mzito kwa majuma mfululizo, mtu asifurahie alichokifurahia, asione mbele, ajione mzigo kwa watu wake. Mwaka 2013 zilikusanywa pamoja tafiti nyingi za nchi mbalimbali juu ya wagonjwa wa figo. Wale wanaosafishwa damu walipopimwa kwa orodha za maswali, asilimia 39 hivi walionekana wana dalili zake. Walipohojiwa kwa makini na mtaalamu, ikawa asilimia 23 hivi. Tofauti hiyo ina maana. Uchovu, kukosa hamu ya chakula na kutolala ni dalili za sonona, lakini ni dalili za figo pia, na orodha ya maswali haiwezi daima kuzitenganisha. Hata hivyo, ukichukua hesabu ile ndogo, karibu mmoja katika kila wanne amelemewa moyoni, naye ameketi kimya kwenye kiti chake, na watu wanamsifu kwa subira yake.

Mambo haya mawili hulishana. Asiyelala huchoka moyo, na aliyechoka moyo halali. Mwenye kuchoka moyo hupuuza dawa, hula chumvi, huacha vipindi. Maji yakijaa hashiki pumzi usiku. Na usiku huo humzidishia giza.

Miezi michache iliyopita niliandikiwa barua na ndugu mmoja aliyeingia katika Uislamu miaka miwili nyuma. Sitamtaja jina wala mji wake. Alikuwa amesafishwa damu kwa muda wa mwaka na nusu, na katika barua yake aliniuliza mambo matatu, kisha akaongeza la nne pembeni mwa karatasi. Jamaa zake wanamwambia kwamba ameugua kwa sababu aliiacha dini ya wazee wake: je, ni kweli? Baadhi ya ndugu msikitini wanamwambia kwamba Mwislamu wa kweli hahuzuniki, na kama halali usiku basi asimame asali: je, imani yake ni dhaifu? Na la tatu, aliloliandika kwa mwandiko mdogo kuliko mengine: ameshaacha vipindi viwili kwa makusudi, je, akiiacha mashine kabisa na kumwachia Mungu, atakuwa ametenda dhambi?

Nilimjibu kwa barua. Lakini kwa kuwa najua hayuko peke yake, na kwa kuwa gazeti hili husomwa na wengi walio wageni katika dini au wanaoichungulia bado kwa mlangoni, nayaleta majibu hapa.

La kwanza halinichukui muda. Kisukari na presha haviulizi mtu anasali wapi. Nenda katika chumba chochote cha kusafishia damu, utawakuta Mkristo, Mwislamu na asiye na dini wameketi viti vya jirani, mashine zao zikilia mlio mmoja. Nabii Ayubu a.s. alipatwa na maradhi naye alikuwa kipenzi cha Mola wake. Bibi Aisha r.a. amesimulia kwamba hakupata kumwona mtu aliyepatwa na maumivu makali zaidi kuliko Mtukufu Mtume s.a.w. katika ugonjwa wake. Ikiwa maradhi ni alama ya kukataliwa na Mungu, tutasema nini juu ya hao? Hata hivyo, ewe ndugu mpya katika dini, usiwachukie jamaa zako kwa maneno hayo. Wengi huyasema kwa hofu ya kukupoteza, tena huenda ndio watakaokushika mkono siku utakapotoka hospitali miguu ikitetemeka.

La pili ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Watu wampigao mgonjwa kwa neno la imani huwa na aya mkononi, nayo ni ile ya Sura Yusufu isemayo kwamba hakati tamaa na rehema ya Mungu ila mwenye kukufuru. Aya ni ya haki, na kila Mwislamu anaiamini. Lakini nilipokuwa mwanafunzi katika chuo cha dini ng'ambo, mwalimu wetu wa tafsiri alikuwa na desturi moja: kila tulipomtolea aya kama hoja, alituuliza, "Nani anasema, na amesema akiwa katika hali gani?" Basi na tuulize hapa. Anayesema ni Nabii Yakubu a.s. Na hali yake ni ipi? Kurani Tukufu imekwisha kutueleza, aya chache tu kabla ya hiyo, kwamba macho yake yalikuwa yamekuwa meupe kwa huzuni. Miaka imepita tangu Yusufu apotee, na mzee huyu bado analia. Wanawe wamechoka naye. Wanamwambia hataacha kumtaja Yusufu mpaka adhoofike au afe. Kwa maneno mengine, wanamwambia yale yale aambiwayo mgonjwa wetu: basi sasa, imetosha, huzuni gani hii isiyokwisha?

Na katika hali hiyo hiyo, macho hayajapona, Yusufu hajaonekana, ndipo anapowaambia wanawe wasikate tamaa. Basi yule aliyetufundisha kutokata tamaa ni mtu aliyekuwa amelia mpaka macho yake yakaharibika. Mwenyezi Mungu hakumwita kafiri, wala hakumwondoa katika unabii, wala hakumkemea. Huzuni iliyokaa ndani ya mwili wake, hata ikaharibu kiungo cha mwili wake, na imani iliyokaa ndani ya roho yake, vyote viwili vilikuwamo ndani ya mtu mmoja kwa wakati mmoja. Kukata tamaa kulikokatazwa ni kuamini kwamba Mungu hana tena rehema ya kutoa. Moyo kuwa mzito ni jambo jingine, kama mguu uliovunjika ulivyo jambo jingine na uvivu wa kutembea.

Tazama pia maneno yanayotangulia katika aya ile ile. Kabla ya kuwaambia wasikate tamaa, anawaamuru waende wakatafute. Nendeni mkamtafute Yusufu na nduguye, ndiyo maana ya agizo lake. Kutokata tamaa kwake ni kutafuta. Nabii Ayubu a.s. naye alipomlilia Mola wake aliamriwa apige ardhi kwa mguu wake, akapewa maji baridi ya kuoga na kunywa. Dua ilijibiwa kwa tiba, na tiba ilitaka mgonjwa mwenyewe atikise mguu.

Atasema mtu: Yakubu alisema kwamba analalamika kwa Mungu peke yake, basi mgonjwa na anyamaze mbele ya watu. Sivyo. Alisema hivyo kuwajibu watu waliokuwa wakimlaumu, na malalamiko hayapelekwi kwa wenye kulaumu. Daktari halaumu, daktari ameulizwa. Mtukufu Mtume s.a.w. aliwaagiza watu watafute dawa, akafundisha kwamba Mungu hakuteremsha ugonjwa bila kuuteremshia tiba, wala hakusema kwamba maradhi ya moyo mzito yametolewa katika kanuni hiyo. Bali yeye mwenyewe aliutibu. Bibi Aisha r.a., ulipotokea msiba, alikuwa akiamuru kupikwe uji mwepesi wa shayiri uitwao talbina, akisema kwamba alimsikia Mtume s.a.w. akieleza kuwa uji huo huutuliza moyo wa mgonjwa na kuondoa baadhi ya huzuni. Fikiria jambo hilo. Mtu ambaye Kurani iliteremshwa kwake, ambaye alijua kuliko sote kwamba nyoyo hutulia kwa kumtaja Mungu, bado aliwapelekea wenye huzuni kitu cha kula. (Lakini usikimbilie kumpikia mgonjwa wa figo uji huo au mwingine wowote kabla ya kuuliza, maana kwake hata uji huhesabiwa katika maji yake, na vyakula vingi tunavyoviita vya afya vina madini yanayomdhuru. Ndizi tano za upendo zaweza kumpeleka hospitali.)

Na lile la kumwambia asiyelala asimame asali? Sala ya usiku ina fadhila zake, nami siwezi kuipunguza. Lakini kuna tofauti kati ya mtu aliyekiacha kitanda na mtu aliyetupwa na kitanda. Wa kwanza alilala akaamka. Wa pili hajalala. Salman r.a. alipomtembelea Abu Dardaa r.a. na kumkuta anataka kusimama usiku kucha, alimwambia alale, akamwambia tena alale, mpaka ulipofika mwisho wa usiku ndipo wakasali pamoja. Akamkumbusha kwamba nafsi yake ina haki juu yake, na ahali wake wana haki juu yake. Mtume s.a.w. alipopata habari alisema Salman amesema kweli. Mgonjwa akisali rakaa mbili katika usiku wake mrefu, akapata faraja, heri kwake. Lakini asiache kumwambia daktari kwamba halali kwa kuwa watu wamemfanya aone kutolala kwake ni ibada.

Wala asiende dukani kununua vidonge vya usingizi kwa shauri la jirani. Dawa nyingi hutoka mwilini kwa njia ya figo, na figo hazipo. Utafiti uliotangazwa Marekani mwaka 2024 uliwapa baadhi ya wagonjwa wa namna hii dawa moja ya usingizi itumikayo sana, trazodoni, na wengine mafunzo ya namna ya kulala kwa njia ya simu, na wengine kidonge kisicho na kitu. Dawa ile haikuwapa usingizi bora kuliko kidonge kitupu, na waliokunywa walipatwa zaidi na matatizo makubwa ya moyo. Kwa upande wa sonona habari ni njema kidogo. Iko dawa iliyosaidia kiasi, na yako mazungumzo ya tiba na mtaalamu ambayo yalifanyika huku mgonjwa ameketi kitini akisafishwa damu, na yakamletea nafuu. Saa nne ni ndefu. Kama pana mtu wa kuzungumza nawe kwa ujuzi, ni tiba juu ya tiba.

Sasa la tatu. Mashine hii yenyewe ilitoka kwa watu waliokataa kuacha kutafuta. Mwaka 1943, katika mji mdogo wa Kampen huko Uholanzi, nchi ikiwa mikononi mwa jeshi la Ujerumani, daktari kijana aitwaye Willem Kolff alizungushia pipa la vijiti vya mbao mrija wa selofani, ule uliokuwa ukitumiwa kutengenezea soseji, akapitisha humo damu ya wagonjwa. Wagonjwa wake wa mwanzo walikufa karibu wote. Mwaka 1945 mwanamke mmoja mzee akapona. Hata hivyo kila mara mshipa ulipaswa kutobolewa upya, mpaka mwaka 1960 Belding Scribner wa Seattle alipobuni mrija mdogo wa kukaa mkononi, na mgonjwa wake wa kwanza akaishi zaidi ya miaka kumi. Kabla ya hapo, figo zikifa kabisa, mtu alikufa katika majuma machache. Na kwa wengine mashine ni daraja tu: nchini Tanzania hospitali ya Muhimbili ilianza kupandikiza figo mwaka 2017, na upandikizaji ukifaulu, ile miguu isiyotulia nayo mara nyingi hutulia.

Mwenyezi Mungu ametukataza kujitupa katika maangamizo kwa mikono yetu. Anayeacha vipindi hamwachii Mungu. Anaiachia potasi ipande katika damu mpaka isimamishe moyo. Lakini sikumjibu ndugu yule kwa kumhukumu, wala wewe usimhukumu wako. Anayesema "nimechoka, niacheni" katikati ya sonona, ambaye hajalala wiki nzima, si yeye peke yake anayesema. Ugonjwa unasema pamoja naye. Na kwanza utibiwe ugonjwa huo. Iko hali nyingine, ya mzee sana au mgonjwa ambaye daktari mwenyewe anaona mashine inamtesa bila kumsaidia tena. Hilo ni shauri la daktari, mgonjwa na watu wake, kwa utulivu na bila haraka, nalo si lile aliloniuliza ndugu huyu. Na ikiwa wewe usomaye haya umefikia kuwaza kujidhuru, usilale na wazo hilo peke yako usiku wa leo. Mwamshe mtu. Nenda hospitali iliyo karibu. Hakuna usiku ulio wa kuchelewa mno kubisha hodi.

Kwa watu wa nyumbani nina maneno machache. Muulize mgonjwa wako juu ya usingizi wake kwa maswali mepesi yenye jibu: umelala saa ngapi, umeamka mara ngapi, miguu je, mwasho je, unafurahia nini siku hizi? Majibu yaandike katika karatasi, umpe muuguzi siku ya kipindi, maana mgonjwa akiwa mbele ya daktari husema "sijambo" kwa adabu. Akikoroma na kunyamaza, sema wewe. Punguza chumvi katika chungu cha nyumba nzima, asile peke yake chakula kisicho na ladha. Chumvi ikipungua, kiu na maji hupungua pia. Na kumtembelea mgonjwa, ambako dini imekufanya kuwa haki yake juu yako, kwa mtu huyu kwafaa kufanyike kitini pale pale, katika zile saa nne. Usiende na hotuba. Nenda na habari za mtaa.

Lililobaki ni lile swali la nne, la pembeni mwa karatasi. Aliuliza atasalije, ikiwa zamu yake huanza kabla ya adhuhuri na kwisha alasiri imekwisha kuingia, naye mkono mmoja hauruhusiwi kukunjwa. Nilifurahi kuliona swali hilo, maana mtu aulizaye juu ya sala ya kesho bado anaitazamia kesho. Jibu ni jepesi. Mgonjwa anaruhusiwa kuzikusanya adhuhuri na alasiri pamoja. Akitoka mapema na ana nguvu, azisali zote mbili baada ya kufunguliwa. Akiona wakati utampita, atawadhe kabla hajaunganishwa, au atayamamu kama maji yanamdhuru, asali kitini kwa ishara ya kichwa, rukuu kwa kuinama kidogo na sijida kwa kuinama zaidi, mkono wake ukiwa umetulia pale alipouweka muuguzi. Imran bin Huswain r.a. aliambiwa na Mtume s.a.w. asimame, asipoweza akae, asipoweza alale ubavu. Na kama kiti hakielekei kibla wala hakigeuki, aelekee kule kiti kinakoelekea.